Viraka Viwili vya Chokaa

Masika yalipokwisha, kuta za chumba cha Bi Kazija zilibaki na madoa. Ngwali, mwanawe, alichanganya chokaa na maji akaigawa katika madebe mawili. Moja aliliacha jeupe. La pili alilitia buluu ya kufulia, kidogo tu, kwa kuwa mama hapendi rangi ya kupiga kelele. Kisha akapaka viraka viwili kando ya dirisha, akamwita.

"Haya mama, chagua."

Bi Kazija alisogea mpaka pua ikakaribia ukuta. "Nichague nini, na rangi ni moja?"

Ngwali alimtazama macho. Dada yake mama, Bi Time, alianza hivi hivi: kwanza zilimpotea rangi, kisha nyuso za watu. Sasa hata uani huenda kwa kushikwa mkono. Na siku hizi mama naye alikuwa akiomba kutungiwa uzi kwenye sindano.

"Tazama tena, mama. Hiki, na hiki."

"Nishatazama. Unapaka chumba au unanipima macho?"

"Kesho twende Chake, hospitali."

"Kwa ajili ya ukuta?"

Hapo jirani yao, Mwanaasha, akapiga hodi, amekuja kurudisha kinu. Ngwali hakumwacha hata akitue.

"Dada, hebu vitazame viraka hivi. Unavionaje?"

Mwanaasha akainamisha kichwa huku, kisha kule. "Vimerowa."

"Na rangi?"

"Rangi ya ukuta ulionyeshewa. Vyote."

"Lakini hiki kina buluu!"

"Wewe unaiona kwa kuwa umeitia wewe. Chokaa mbichi huamuliwa, Ngwali? Ngoja ikauke."

"Basi na Mwanaasha mpeleke Chake," alisema Bi Kazija. "Twende sote, na kinu chetu."

Wanawake walicheka. Ngwali hakucheka bado. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akausubiri ukuta.

Baada ya sala ya alasiri Bi Kazija alirudi chumbani, akasimama pale pale mlangoni.

"Hicho cha kulia," alisema. "Buluu imetulia. Hicho cheupe kitanionyesha kila kidole chako."

Ngwali alishusha pumzi. "Alhamdulillahi."

"Kwa buluu tu?"

"Kwa buluu, mama. Na sindano je?"

"Sindano ni uzee. Nawe utatungiwa."

Sasa Ngwali akacheka, mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye chokaa, yakamwasha. Kisha akaliburuta debe la buluu, akaanzia pembeni.