Maandishi ya Nyuma ya Galoni

Fundi wangu Mwinshehe alichovya kijiko kwenye mdomo wa rejeta ya gari langu, akakitoa kimebeba ute wa rangi ya waridi, mzito kama mlenda uliolala. Akakiinamisha ili udondoke. Haukudondoka, ulining'inia.

"Mama Jenifa, hiki ndicho kilichochemsha gari," alisema. "Njia za maji zimeziba."

"Naona. Na nani aliijaza?"

Tulikuwa gereji, Kongowe ya Kibaha, saa nne asubuhi, na mafundi walikuwa wameacha kazi kutusikiliza. Siku hiyo sikumwamkia, ingawa ana umri wa kuwa baba yangu mdogo. Gari lilinichemkia juzi yake kwenye barabara ya Mzenga, nikielekea Chole kule Kisarawe kumpelekea mama yangu dawa za presha. Nilikaa saa tatu nzima kando ya barabara nikitazama mvuke. Injini ilipoa, mimi sikupoa.

Nina stashahada ya famasia na miaka kumi na tisa ya kukaa dirishani kutoa dawa. Siamini rangi ya kidonge, kwa sababu vidonge viwili vyeupe vinaweza kuwa kimoja cha kichwa na kingine cha moyo. Ndivyo nilivyomzoesha Mwinshehe. Akinunua oili namwambia asinionyeshe picha ya gari la mashindano iliyo mbele. Ageuze galoni, anisomee namba za uzito na daraja la ubora, tulinganishe na kitabu cha gari. Kulanti nayo, yale maji maalumu ya rejeta, nilimwambia rangi si kitu. Kiwanda kinatia rangi kinayoitaka. Kinachogombana ndani ya rejeta ni viambato vya kuzuia kutu, na hivyo havionekani kwa macho. Tangu hapo alivaa miwani na kusoma kila kitu kabla ya kukimimina. Wenzake walimwita Daktari. Mimi waliniita Mama Famasia.

"Nilipobadilisha paipu nilijazia kutoka kwenye galoni ulilonipa wewe," alisema hatimaye. "Nilisoma nyuma. Ilikuwa yenyewe."

"Ingekuwa yenyewe tusingekuwa tunachota mlenda hapa. Umechanganya na ya mtu mwingine. Mzee mzima, unanidanganya mbele za watu?"

Mteja aliyemletea pikapu alinyoosha mkono, akadai funguo zake. Abdulaziz, mwenyekiti wa gereji, akakohoa.

"Mwinshehe, kaa pembeni kwanza. Usiguse gari la mtu hapa mpaka jambo hili lijulikane. Likienea kwamba tunachanganya vitu, wote tutalala njaa."

Mwinshehe alimrudishia mteja funguo. Alifuta kijiko, akakiweka kwenye boksi la vifaa, akalifunga. Alikuwa na miaka thelathini kwenye uwanja ule. Niliondoka nikiwa na hakika kwamba nimetenda haki.

Siku ya nne, Alhamisi asubuhi na mapema, nilikuwa nyuma ya nyumba namwagilia maua. Binti yangu Jenifa hupanda mishubiri kwenye chochote chenye uwazi. Mmoja ulikuwa umeota kwenye galoni lililokatwa nusu, ukiinamia ukutani. Nililigeuza upate jua, na karatasi ya nyuma ikanitazama. Kwa mazoea, nikaisoma. Kulanti ya waridi kwa magari ya Ulaya. Viambato vyake vilikuwa vingine kabisa, si vya gari langu.

"Jenifa! Galoni hili ulilitoa wapi?"

Alitokea mlangoni na mswaki mdomoni. "Si la mjomba Godbless? Alipouza gari lake akakuletea iliyobaki. Likawa linavuja, ukahamishia kwenye galoni lako lile tupu. Ukasema utaandika juu yake kwa kalamu."

"Niliandika?"

"Mama, mafuta ya kula yako kwenye chupa ya maji, na sukari iko kwenye kopo la maziwa. Lini uliwahi kuandika?"

Nikaikumbuka ile asubuhi: mpira wa kumiminia, saa ya ukutani, nimechelewa kazini. Niliitazama ikishuka, ya waridi kama ile ya kwanza, nikaona inatosha. Rangi! Mimi. Mwinshehe alisoma kama nilivyomfundisha, na karatasi aliyoisoma ilikuwa ya uongo kwa mkono wangu.

"Utampigia simu?" Jenifa aliuliza.

Wazo hilo lilinipendeza, na ndiyo maana nilijua ni baya. Nilimchafua hadharani. Siwezi kumsafisha nikiwa nimejifungia chumbani.

Nilikwenda gereji na mshubiri wangu mkononi, udongo ukidondokea sare ya kazi. Mwinshehe alikuwa amekaa juu ya tairi bovu karibu na Mwanne, muuza chai, boksi limefungwa katikati ya miguu yake. Alikuwa akija kila siku na kukaa hivyo.

"Shikamoo, fundi."

Aliutazama mshubiri. Hakuitikia.

"Mama Famasia, leo umetuletea mgonjwa wa majani?" alidakia Brighton, fundi wa umeme. Wakacheka.

"Nimeleta ushahidi. Zima hiyo redio. Mzee Abdulaziz, njoo usikie."

Nikawaeleza yote: kulanti ya kaka yangu, galoni langu, kalamu ambayo sikuishika. "Sisemi ilichanganyika," nilimaliza. "Nilichanganya mimi. Halafu nikamsingizia huyu. Fundi, nisamehe."

Abdulaziz aliligeuza galoni, akasoma, akalirudisha. "Basi, Mwinshehe, yamekwisha. Rudi kazini."

"Hayajakwisha," alisema Mwinshehe. Alifungua boksi lake. "Gari lipo pale. Njoo jioni."

Alisafisha rejeta kutwa nzima, akajaza maji na kuyamwaga, tena na tena, mpaka yakatoka meupe. Niliporudi jioni alikuwa na galoni jipya, lakiri haijakatwa. Akanikabidhi pamoja na miwani yake.

"Soma."

"Si umeshasoma?"

"Hata ile nyingine nilisoma. Leo soma wewe. Kwa sauti, Mwanne asikie."

Nikasoma, mafundi wamenizunguka: aina, viambato, magari yanayofaa, tarehe. Nilipofika kwenye neno "usichanganye" niliinua macho nikamtazama. Nikalirudia, nikamaliza.

"Marahaba," alisema, akakata lakiri.

Jumamosi nilifika Chole kabla ya saa tano. Nilizima gari mbele ya nyumba ya mama, nikampigia Mwinshehe.

"Mshale wa joto uko wapi?" aliuliza.

"Katikati. Haukusogea njia nzima."

"Usifungue kifuniko kikiwa moto."

Nyuma yake nilisikia nyundo, na mtu akiita kwa mbali, "Fundi! Na hii yangu njoo uisome!"

"Usikate," aliniambia. "Ngoja kidogo."

Mama alikuwa ametoka mlangoni, ananipungia. Nikamwonyesha kidole kwamba angoje. Nyundo zilikuwa zimenyamaza. Nilisimama juani, simu sikioni, nikimsubiri mtu amalize kusoma.