Ombi la Ruguru kwa Rais wa Nafaka

Muthamia alijitangaza rais wa wauza nafaka wa soko la Gakoromone wiki ambayo wenzetu wa Siakago walikuwa wameshuka kwao Mbeere kuvuna ndengu. Tuliobaki tulikuwa wachache. Akatununulia chai, akauliza nani anampinga, na midomo yetu ilikuwa imejaa mandazi. Akajiapisha juu ya gunia la njahi, yale maharagwe meusi. Siku hiyo, msinibishie, Mlima Kenya ulijifunika mawingu kwa aibu.

Amri yake ya kwanza: wageni wote wa Mbeere waondoke sokoni kufikia Ijumaa. Aliitangaza kwa sauti iliyogandisha maziwa hadi Kiirua.

Mgeni mmojawapo ni Ruguru, jirani yangu wa meza tangu nilipostaafu posta. Ndengu za meza hiyo ndizo zilizosomesha watoto wake. Aliporudi na mavuno akaikuta imepigwa alama nyekundu. Nikamkumbusha kwamba ukoo wake na ukoo wa Muthamia ni ndugu wa gichiaro, kile kiapo cha mababu. Ndugu wa gichiaro akikuomba kitu, humnyimi. Ukimnyima utapata laana, na laana haihitaji anwani. Nikamshauri aombe meza yake, mambo yaishe. Akasema atafikiria.

Ijumaa, soko zima likisikiliza, akamwendea Muthamia.

"Ndugu yangu wa gichiaro, nina ombi."

Muthamia akavua kofia. Jasho lililomtoka lingetosha shamba la mpunga. "Dada, kama ni meza, kaa nayo tu."

"Meza ya kuhurumiwa sitaki. Naomba kura. Na sisi wa Siakago tupige."

Angekataaje? Tukapanga milolongo, kila mtu nyuma ya anayemtaka, na watu wakamsukuma Ruguru mwenyewe mbele. Nyuma ya Muthamia alisimama shemeji yake, tena akiangalia saa. Mlolongo wa Ruguru ulikuwa mrefu hivi kwamba mimi wa mkiani nilinunua viazi Kiirua bila kutoka kwenye laini.

Muthamia akauliza, sasa kwa sauti ndogo, kama ni yeye wa kuondoka. Ruguru akasogeza magunia, akampisha.

"Hapa hafukuzwi mtu. Keti, tuuze."

Tukauza vifua mbele kama majogoo, mpaka wateja wakauliza tumekula nini.