Baiskeli ya Fremu Tatu

Mtu mzima akila kiapo kwa hasira, ajue kitakuja kumla yeye. Fundi Geti, mchomelea mageti na mwenyekiti wa klabu ya baiskeli za kujiundia, alikula chake miaka mitatu iliyopita, binti yake wa pekee alipoolewa na kinyozi bila kungoja radhi zake. Alitamka mbele ya ndugu na majirani kwamba mguu wake hautakanyaga ngazi za nyumba ya kinyozi, abadani. Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la dawa, barabara kuu. Kinyozi wa watu, masikini, hakuwa na kosa lolote ila mkasi.

Hasira ziliisha kabla ya mwezi. Kiapo kikabaki. Kila mwaka gwaride la sikukuu lilipita chini ya roshani ile, na kila mwaka Fundi alipita ameinamisha shingo, asije akaonekana anatazama juu. Alimkumbuka mwanawe. Nyumbani alijisahau akatoa sahani mbili, kisha akairudisha moja kabatini. Na aliyethubutu kumtaja binti huyo karakanani alionyeshwa mlango.

Mwaka huu akaunda baiskeli ya fremu tatu, moja juu ya nyingine, kiti kikapita kichwa cha mtu mrefu. Wenzake wakamtania kwamba anakwenda kubadilisha taa za barabarani. Akacheka nao, ila hesabu yake alikuwa nayo. Angepita karibu usawa wa roshani, amwambie mwanawe neno moja tu, "Nisamehe," bila kukanyaga ngazi hata moja. Kusimama asingeweza, maana baiskeli ya namna ile ukisimama bila kushika kitu, umeanguka.

Sikukuu ikafika. Bendi mbele, klabu nyuma, Fundi juu ya wote. Kufika tu kwenye duka la dawa, bendi ikasimama kupisha watoto wa shule, msafara mzima ukakwama. Fundi akanyoosha mkono, akadaka vyuma vya roshani. Mlango ukafunguliwa, akatoka mama mmoja asiyemjua, beseni la nguo kiunoni.

Mama yule akamtazama, akaitazama na baiskeli mpaka chini, akamuuliza kama ndiye yule baba wa mageti. Fundi akaitikia. Basi, akaambiwa, wale vijana walihama, sasa yapata miezi minane.

"Walihama kwa nini?"

"Binti alitaka nyumba ya chini," mama akasema. "Mumewe alipinga, maana hapa ni karibu na kazini kwake. Binti akasema baba yake aliapa kutopanda ngazi zao, basi yeye atakaa pasipo na ngazi."

Bendi ikaanza tena. Wa nyuma wakapiga kengele, wakamwita mwenyekiti asogee. Fundi hakuachia. Miezi minane mwanawe alikuwa akimngoja chini, mlango usawa wa barabara, naye muda wote huo yuko karakanani anachomelea kwenda juu. Machozi yakamtoka mbele ya mji mzima, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Mtaa gani, mama?" akauliza. "Niambie polepole, nisisahau."