Babu Saba wa Parakhat

Ulbosin alimtilia shaka yule kijana tangu alipovua viatu mlangoni. Si kwamba alikuwa na kasoro. Alisalimia kwa adabu, akanywa chai ya maziwa vikombe vinne, na mkate wa mtama akausifu bila kupitiliza. Hapo ndipo penyewe. Mtu akija kuposa bintiyo akakosa hata kasoro moja, jua kaziacha nyumbani.

"Wewe ni nani, mwanangu?" akamuuliza.

"Mimi ni Mkarakalpak, mama."

Ziyba, binti mwenyewe, akafumba macho. Ulbosin akaweka birika chini.

"Mkarakalpak! Na mimi niliyekaa hapa ni Mrusi? Hiyo kofia nyeusi wavishe watalii wako wanaokuja hapa Moynak kupiga picha meli zilizokwama mchangani tangu bahari ikauke. Nakuuliza ukoo!"

Jina lenyewe maana yake ndiyo hiyo, kofia nyeusi, na kijana huyo, Parakhat, mkalimani wa Kiingereza mjini Nukus, alilitamka mara ishirini kwa siku mbele ya wageni wasiojua jingine. Lakini hakuna anayemjibu mwenzake hivyo. Unataja ukoo, kisha babu zako saba, watu wajue kama damu zimekutana. Ziyba alikuwa Muyten, ukoo wa marehemu baba yake. Muyten kwa Muyten ni ndugu, na ndugu hawaoani hata walie machozi ya damu.

"Kipshak," akasema Parakhat, akawataja babu saba mfululizo bila kumeza mate.

"Huyo wa tatu, Erpolat, alikuwa mtu wa namna gani?"

Kila ukoo una yake ya kusimulia kuhusu babu zake. Huyu alikuwa chongo, yule alitoa ng'ombe mzima kwa tikiti maji moja. Parakhat akakohoa.

"Alifariki mwaka wa 1932."

"Na wa nne?"

"Mwaka wa 1907, mama."

Kijana alipokwisha kuaga, Ulbosin akamgeukia bintiye. "Anajua walivyokufa, hajui walivyoishi. Huyu ni Muyten anajificha, au ni tapeli. Chagua moja."

"Mama nawe! Hata malaika akishuka utamdai pasipoti."

"Na atanionyesha."

"Basi sikia. Nikimkosa huyu, usiniletee mwingine."

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya posa, na shemeji yake Ulbosin, Jolmurza, ndugu wa marehemu mumewe, angekuja na wazee wa ukoo. Alhamisi asubuhi Ulbosin akajifunga kitambaa cheupe, akapanda basi hadi upande wa Khojeli, kwenye kijiji alichokitaja yule kijana. Njia nzima alikuwa akipanga matusi.

Kijijini hakuna aliyemjua Parakhat. Aha! Ila majina ya wale babu yalimwelekeza makaburini, na huko akamkuta mlinzi mmoja mwenye mguu mbovu anakunywa chai ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wale wameisha, dada yangu," mlinzi akasema. "Wa mwisho alikufa bila mtoto. Nyumba imezimika."

"Na kijana wa Nukus, mwembamba, ana miwani?"

"Ooh, yule! Yule ni wa nyumba ya mayatima. Alipita hapa na wageni wake, akaniuliza kaburi gani halina mwenyewe. Nikamwonyesha hawa. Mwaka wa sita huu, kila masika anakuja na jembe lake. Akaniomba ruhusa awaite babu zake. Nikamwambia waombe wenyewe, mimi nalinda geti tu."

Ulbosin akaenda kuona. Makaburi saba, chumvi iliyoletwa na upepo imekwanguliwa, hakuna hata mwiba mmoja, na majina yamepakwa rangi upya. Matusi aliyoyapanga njiani yakakosa wa kutukanwa. Kaburi la mumewe kule Moynak lilikuwa limeota miiba hadi magotini, na wanawe wawili, wenye ukoo wao na babu zao wote kamili, walikuwa Kazakhstan mwaka wa nne hata simu kwa taabu.

Akarudi kupitia Nukus, akamsubiri Parakhat nje ya ofisi yake.

"Nimetoka kwenu," akamwambia.

Kijana akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Sikutaka kukudanganya, mama. Nilitaka niwe na cha kujibu."

"Na kama wewe ni Muyten? Kama unamwoa dada yako?"

"Sijui. Naapa sijui. Jumapili nitawaambia wazee ukweli, waamue wao."

Wazee wangeamuaje, Ulbosin alilijua vizuri. Asiye na ukoo haozwi, basi. Na sheria ile aliipenda, ilimlinda yeye na mama yake na bibi yake. Siku tatu hakulala vizuri. Alimtazama Ziyba akikanda unga, akaogopa kumwoza, akaogopa kumnyima.

Jumapili Jolmurza akaketi kwenye nafasi ya heshima, akajifuta ndevu. "Haya, kijana. Wewe ni wa ukoo gani?"

Parakhat akavuta pumzi. Ulbosin akauona ukweli umeshafika kwenye midomo yake.

"Kipshak," Ulbosin akasema haraka.

"Nimemuuliza yeye, shemeji."

"Na mimi ndiye niliyekwenda kwao. Ulidhani ningekaa tu hapa na kunywa chai? Babu zake wote saba nimewaona kwa macho yangu."

Jolmurza akamkazia macho. Miaka thelathini alimjua mwanamke huyu, hajawahi kumwona akimtetea mtu. "Umewaona? Wakakupokeaje?"

"Kwa utulivu. Hawana maneno mengi."

"Na wanamkubali kuwa wao?"

"Hakuna hata mmoja aliyekataa."

Kisha Jolmurza akaumega mkate wa kukubali posa, akampa Parakhat kipande cha kwanza. Ziyba akaanza kulia kule jikoni. Ulbosin akaishika birika, akammiminia shemeji yake chai bila kumtazama usoni.