Mto Ulioketi Safu ya Nyuma

Siku ya tatu ya mkutano wa kimataifa wa majina ya intaneti, karani wa usajili alikuwa akipanga kadi za kuvaa shingoni kwa rangi zake: bluu ya serikali, kijani ya makampuni, njano ya wataalamu wa mitambo, kijivu ya waangalizi. Saa mbili na robo asubuhi mto ulifika mezani pake, umefuatana na shangazi yake karani.

Ulikuwa umepanda kwa ngazi. Lifti ilikuwa na kibao kinachosema watu wanane tu, na mto haukutaka ugomvi.

"Shikamoo, shangazi," karani alisema, akanyanyua boksi la kalamu lisilowe.

"Marahaba. Niandikie mimi, umwandikie na mwenzangu. Tumetoka nyumbani juzi, hata chai hatujanywa."

"Yumo kwenye orodha?"

"Orodha! Umeogeshwa kwenye maji haya hujaota hata jino, leo unaniuliza orodha?"

Shida yao ilijulikana. Kwa miaka tisa shangazi na wanawake wenzake kumi na wanne walikuwa wakiuza miche ya matunda kwenye tovuti yenye jina la mto huo. Sasa kampuni ya maji ya chupa ilikuwa imeomba jina hilo liwe lake peke yake, dunia nzima. Ombi likipita, tovuti ingefungwa kabla ya msimu wa kupanda, na miche elfu sita iliyokwisha kuchipua ingezeekea kwenye vifuko vyake.

Aliyetaka kuweka pingamizi alihitaji kadi ya rangi yoyote isipokuwa kijivu. Karani alikuwa na kadi sita tupu za njano mbele yake. Alikuwa pia na mkataba uliobakiza wiki mbili, na mkuu wake amesimama hatua nne kutoka hapo. Akaandika kadi mbili za kijivu.

"Hii inaongea?" shangazi aliuliza, akiigeuzageuza.

"Inasikiliza tu, shangazi."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Mto ukaketi safu ya nyuma. Kwa kuwa ni mto, ulifika na safu za mbele. Wajumbe walikunja suruali, wakapandisha mikoba mezani, wakaendelea kubishana kwa saa moja na nusu kama kamati ndogo iripoti kwa kikosi kazi, au kikosi kazi kiripoti kwa kamati ndogo. Mjumbe mmoja, aliyebadilisha ndege tatu kuja kuwatetea wanyonge, alilalamikia soksi zake. Mwingine aliwapongeza waandaaji kwa kuleta mandhari ya asili ukumbini. Kambare alipita chini ya meza kuu. Mwenyekiti akampisha kwa miguu bila kupoteza ukurasa.

Mkutano huo haukuwa na desturi ya kupiga kura. Watu wa majina ya intaneti huona kura ni ushamba. Mwenyekiti husoma uamuzi, kisha huhesabu hadi kumi. Ukumbi ukikaa kimya, dunia nzima imekubali.

Akasoma: jina ni la kampuni, mtandaoni na kwingineko kadiri itakavyofaa. Akaanza kuhesabu.

Mto ukavuma. Ulivuma kama unavyovuma mvua kubwa zikishika, mawe yakigongana ndani yake, hata bilauri zikatetemeka. Mwenyekiti alifika saba, hakuisikia sauti yake mwenyewe, akaanza upya. Alianza upya mara nne. Karani alisimama mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili, akiomba kimoyomoyo mto usipungue. Shangazi alikuwa amekunja mikono, maji magotini, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

Ndipo wakili wa kampuni akainuka na kwenda kumwinamia mwenyekiti sikioni.

"Samahani, mwenyekiti. Huyo anayevuma, si mwangalizi?"

Mwenyekiti akatazama orodha. "Ni mwangalizi."

"Kwa kanuni zetu mwangalizi hasemi. Kwa hiyo hajasema."

Hoja ilipitishwa kutoka sikio hadi sikio, na wajumbe wakaitikia kwa vichwa. Ilikuwa safi mno, wengine wakainakili. Mwenyekiti akahesabu hadi kumi kwa vidole, akagonga meza. Katibu akaandika kwenye kumbukumbu kwamba ukumbi ulikuwa kimya. Wakaenda kunywa chai.

"Mwanangu," shangazi alisema mlangoni, akikamua upindo wa gauni, "zile kadi za njano zilikuwa zimeisha?"

"Hazikuisha, shangazi."

"Nilitaka kujua tu."

Mto ulishuka ngazi taratibu, ukaliacha jengo safi kuliko ulivyolikuta. Nje magari yalikuwa mengi, na ulipofika njia panda ukasita. Shangazi akaweka viganja mdomoni, akauita kwa jina lake mara mbili, kama alivyouita tangu utotoni. Ukageuka kushoto, ukashika njia ya kwao.

Wakili wa kampuni alikuwa barazani akisubiri gari, viatu mkononi. Alitazama saa, akatoa kalamu, akaandika wakati jina lilipoitwa, hadi dakika.

"Yule mama aliyetumia jina letu," alimwuliza karani kwa upole, "anaitwa nani?"

Karani, ambaye kazi yake ilikuwa kujua majina ya watu, akamtajia.