Kompyuta Tatu za Rra Gofaone

Mume wangu, Rra Gofaone, yaani Baba Gofaone kama mimi nilivyo Mma, mama yake, tangu astaafu ufundi wa simu anaishi na ng'ombe. Sisemi kwa masihara. Sisi watu wa Serowe, hapa Botswana, tuna makazi matatu: nyumba ya kijijini, shamba, na kituo cha ng'ombe kule mbali vichakani. Wanaume wengine huenda kwa ng'ombe wakarudi. Wangu alikwenda akanogewa.

Ila hakuniacha mikono mitupu. Sebuleni aliniwekea kompyuta, kisanduku cheusi kinachonguruma mchana kutwa, chenye picha zetu zote na nyimbo za kwaya. Ya pili iko shambani kwa dada yake, Keabetswe. Ya tatu anayo mwenyewe kule kwa ng'ombe, inatumia umeme wa jua. Zinasemezana kwa intaneti na kufanya kazi kama moja. Ukiweka picha huku, inaonekana na kule.

"Za nini zote hizo?" nilimuuliza siku alipomaliza kuziunganisha. "Mtoto yuko Gaborone, tumebaki wawili. Si ingetosha moja, na pesa kidogo za akiba zikabaki kabatini?"

"Mma Gofaone, moja ikifa umekwisha. Mtu ana makazi matatu, aweke kila kitu mahali pamoja?"

"Basi ungeanza na wewe. Mbona umejiweka mahali pamoja?"

Akacheka, akawasha gari, akaenda zake.

Nilikuwa nimechoka kula peke yangu. Napika seswaa, nyama ya kuponda anayoipenda, napakua sahani mbili kwa mazoea, kisha moja naimwaga tena sufuriani. Nilitamani hata kikohozi chake cha asubuhi, hata redio yake iliyokuwa ikinikera. Siku moja hasira zikanipanda, nikachomoa waya wa kile kisanduku. Nilijua akisikia kimezimika atakuja mbio.

Jioni simu ikaita. Nikajiweka sawa kabla ya kupokea.

"Mma! Umeona maajabu? Hiyo ya kwako imezimika tangu asubuhi, na hatujapoteza kitu! Hizi mbili zimebeba mzigo wote. Nisingeangalia, hata nisingejua kama haipo."

"Hata usingejua," nikasema.

"Kabisa! Ndiyo raha ya kuwa nazo tatu. Usihangaike nayo, nikija mwisho wa mwezi nitaitazama."

Nilikata simu nikalia. Mwanamke mzima, nakionea wivu kisanduku, na hicho nacho hakuna aliyekikumbuka.

Kesho yake nikaenda shambani. Nilimkuta Keabetswe anapepeta kunde.

"Nimekuja kumzimia kaka yako kompyuta," nikamwambia.

"Zima, hata ukiitupa sawa, inanijazia nafasi tu. Lakini mbona macho yamevimba, mke wa kaka?"

"Vumbi."

"Hilo vumbi nalijua. Nimezaliwa nalo tumbo moja."

Nikachomoa waya. Chai yenyewe sijaimaliza, simu ikaita.

"Mma, kuna balaa! Ya shambani nayo imekufa, na sasa yangu imegoma. Inawaka, picha zote zimo ndani, lakini haifungui hata moja."

"Kama zimo, kwa nini haifungui?"

"Ndivyo zilivyopangwa. Lazima zisikilizane angalau mbili. Ikibaki peke yake haijiamini, haijui kama zilizopotea ni zile nyingine au ni yenyewe. Inakaa tu, inangoja wenzake."

"Maskini," nikasema, na safari hii sikuwa namtania.

"Nakuja leo leo."

Nilirudi kijijini, naye akafika jua bado liko juu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuniuliza hali. Alinipita na bisibisi mkononi, akapiga magoti mbele ya kisanduku. Nilisimama mlangoni nikiutazama mgongo wake. Nilikuwa nimeukosa mgongo ule, na shati lile lililochanika begani, kiasi kwamba nilisahau kukasirika. Kisha akauona waya sakafuni.

"Umechomoa wewe?"

"Mimi."

"Na ya shambani?"

"Na hiyo."

Akakaa chini kabisa, ameushika waya, hauchomeki wala hauachii.

"Mma Gofaone, si ungesema tu kwamba unataka nije?"

"Nilisema," nikamwambia. "Nilisema ulipostaafu, ukaniletea hii. Nikasema tena Krismasi, ukanunua ya shambani. Mara ya mwisho nikasema huku nalia kwenye simu, ukaniambia usijali mke wangu, nimepata dawa, ukanunua ya tatu. Rra, mimi sikuwahi kukuomba picha."