Magunia ya Mama Ndaya

Gaston, dereva wa lori la makaa, hakuwa mtu wa kuficha neno. Akitoka Mutshatsha kwenda Kolwezi, alisimama juu ya kilima na kutazama chini, kijijini Kamimbi. Akiona magunia mengi kando ya njia, alishuka. Akiona machache, alikwenda zake. Na tangu mvua zilipoila ile njia, hakuna gari jingine lililothubutu kushuka huko.

Lakini kuchoma makaa kwataka mikono, na mikono ya Kamimbi ilikuwa Kolwezi ikichimba kobalti. Nyumba zilifungwa moja baada ya nyingine. Zilizobaki na moshi ni mbili tu: ya Mama Ndaya, mjane, na ya jirani yake Huguette, aliyeishi na mumewe Tshiamala na watoto wao.

Basi Mama Ndaya akapata habari kwa mpita njia: mwanawe Jeancy, mchimbaji, alikuwa Mutshatsha kwenye matanga ya rafiki, na angerudi kwa lori la Gaston. Angeshuka kumwona mama. Ndaya alifurahi, kisha akaingiwa na hofu. Lori lisiposhuka, mtoto wake angepita juu ya kilima kama mgeni.

Makaa aliyokuwa nayo hayakutosha. Lakini gunia la makaa, kila mtu ajua, hufungwa mdomo kwa majani na kamba. Aliyesimama mbali haoni kilichomo. Mama huyo, mwimbaji wa kwaya, mtu wa sala asubuhi na jioni, akachukua mundu akaenda kukata nyasi. Alijaza magunia mpaka viganja vikachubuka, akayasimamisha kando ya njia. Lo! Yalipendeza.

Lori likashuka. Ndaya alikimbia, kitenge kikimfunguka, macho yake juu ya mzigo. Hapakuwa na mtu juu.

"Jeancy iko wapi?"

"Alipata pikipiki ya kwenda mbio, mama. Kule ku shimo banamungojea," Gaston alisema, akimpa kipande cha sabuni na sukari kutoka kwa mwanawe. "Anasema atakuya siku ingine."

Ndaya alishika sabuni. Moyo ulimuuma hata akasahau magunia. Gaston hakusahau. Alitanua miguu, akakaza mgongo kama mtu anayejua uzito wa makaa, akavuta. Nusura aanguke chali, gunia kifuani.

"Mama Ndaya! Mi nashusha kamyo mu hii mabonde yote sababu ya manyasi?"

Njia ya mwongo ni fupi. Ndaya aliinamisha kichwa, hakujitetea. Gaston alipiga mateke gunia moja, kisha la pili, kisha akaona machozi yake, akaacha.

Ndipo Huguette alipotoka nyumbani kwake. Alikuwa na godoro kichwani, na nyuma yake Tshiamala alibeba sufuria na mlango. Ndiyo, mlango wenyewe, ameung'oa.

"Tata Gaston," Huguette alisema kwa sauti ndogo, "kama makaa hakuna, nafasi iko. Utubebe siye." Kisha akamgeukia Ndaya. "Utusamehe, mama. Tulikuwa tunangojea tu kamyo ishuke."

Walipakia kila kitu mahali ambapo makaa yangekaa. Watoto walipandishwa juu ya godoro, wakicheka, maana walikuwa hawajawahi kupanda gari. Gaston alifungua mlango wa mbele, akapangusa kiti kwa mkono.

"Kuya, mama. Hapa utabakia na nani?"

"Na Jeancy akikuya? Atakuta nani?"

Gaston akafunga mlango wa mbele. Lori lilipanda kilima likikohoa, na Huguette alipunga mkono mpaka hakuonekana tena.

Ndaya alibaki amesimama na sabuni yake. Aliogopa kurudi nyumbani, kwa sababu sasa moshi ungekuwa mmoja tu. Akaweka sabuni chini, akaanza kuokota magunia yaliyopigwa mateke. Yalikuwa mepesi, hayakumsumbua hata kidogo. Akayasimamisha tena kando ya njia, yaonekane vizuri kutoka kilimani.